Kwa nini Kermit ana uhai na mdoli wangu hana? Mafundi wa vikaragosi Tanga na Bagamoyo, naomba mnielekeze

MwanaRaskazone

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Vikaragosi vya TV tunavikumbuka kwa majina kama watoto wa jirani. Kermit yule chura, yule wa buluu mla biskuti, Bert na Ernie, Big Bird, Kami wa Takalani Sesame, kisha ndugu zao wa Kilimani Sesame waliosema nasi kwa Kiswahili. Hakuna anayewaita vitambaa. Kila mtu anasema "yule", na ukimuuliza yule yupi anakuigia na sauti.

Kuna kazi ya shule ya awali huku Raskazone. Vipindi 12 vya dakika 5, vinarekodiwa kwa simu, wahusika wawili: binti wa miaka 6 na babu yake. Kikaragosi cha binti kimeshashonwa. Kichwa ni sponji ya godoro ya inchi 2, ngozi ni blanketi la mtumba, macho ni mpira wa tenisi ya meza uliokatwa nusu na mboni nyeusi katikati kabisa, nywele ni uzi wa kufumia, mdomo ni kadibodi.

Matatizo ni haya. Mdomo unafunguka nusu, ukiachia unajifunga wenyewe. Gundi imekauka ikawa ngumu kama ganda la nazi. Macho yanatazama hewani. Nywele zinaonekana kama kofia. Kwenye video mdomo na maneno vinapishana, na mkono wa mchezeshaji unakufa ganzi baada ya dakika 2. Tena: vijiti vya mikono ni lazima viwe viwili? Na huyo babu, mikunjo ya uso tunaipata vipi bila kiwanda?

FundiSponji

Salaam mkuu. Naanza na mdomo, maana hapo ndipo vikaragosi vingi vinapofia.

Mdomo kujifunga wenyewe kuna sababu mbili na kwa maelezo yako unazo zote. Kwanza, sponji ya inchi 2 ni ya kulalia. Ikikunjwa kwenye pembe za mdomo inafanya kazi ya springi, na vidole vyako vinapigana nayo muda wote. Kichwa cha kikaragosi cha mkono kinataka shiti ya nusu inchi, kama milimita 12, ile ambayo fundi makochi anafunikia mikono ya kiti. Kwa kichwa chenye upana wa sentimita 22 hadi 25, shiti ya sentimita 60 kwa 60 inatosha na yanabaki masalio ya pua na masikio. Kata vipande vyenye ncha kama vya mpira wa miguu wa zamani, bandika ukingo kwa ukingo, mviringo utajijenga. Kichwa kiwe ganda, ndani kuwe tupu. Mkono ndio unaojaza.

Pili, nina hakika ngozi uliibandika mdomo ukiwa umefumba. Mdomo ukiachama, kitambaa cha pembeni kinahitaji kurefuka, na chako hakina pa kutoa urefu. Bandua kuzunguka midomo, chukua kopo dogo la nyanya, libane kati ya taya ili mdomo ukae wazi, ndipo ubandike upya. Ukitoa kopo na kufumba utaona mkunjo mdogo kwenye kila pembe. Usiukate! Huo ndio akiba ya kuachama.

Kaakaa, yaani kile kibao cha ndani ya mdomo: kwa mkono wa mtu mzima kata nusu duara mbili, upana sentimita 12, kina sentimita 9. Jalada la kaunta buku linafaa kwa majaribio, lakini kwa vipindi 12 jasho litalilainisha kabla hujafika cha tatu. Tumia plaiwudi ya milimita 3. Acha nafasi ya milimita 4 kati ya nusu mbili, ziunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, gundi pande zote mbili za ukanda. Usiziweke zikigusana, zitakwaruzana na sauti itaingia kwenye rekodi.

Halafu upande wa mkono weka lastiki: moja ya upana wa sentimita 3 inayopita juu ya vidole vinne, nyingine ya kidole gumba. Mikono mingi inayokufa ganzi haifi kwa uzito. Inakufa kwa kubana, kwa sababu bila lastiki vidole vinateleza na mtu anakamata kaakaa kama mtu anayening'inia dirishani.

Gundi yako imekuwa ganda kwa sababu imepakwa nyingi na vipande vimeunganishwa ikiwa mbichi, au ni ile ya tone moja inayokauka papo hapo, ambayo kwenye sponji haifai kabisa. Chukua gundi ya makochi, ya kopo. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka ukigusa haivuti uzi, ndipo ukutanishe. Ikishakutana hairudi, kwa hiyo weka alama za kalamu kabla. Wakati wa masika hewa ina maji, subiri mara mbili ya hapo. Fanyia nje penye upepo, mbali na jiko. Mvuke wake unashika moto na unaumiza kichwa.

Angalizo moja: gundi hiyo isiguse ile mipira ya macho wala lile povu jeupe gumu linalokuja na boksi la TV. Vyote inaviyeyusha.

MchezeshajiBgm

Bagamoyo hapa. FundiSponji kamaliza mdomo, mimi nibaki kwenye macho, kwa sababu neno lenyewe linatupeleka huko. Kikaragosi tumelipata kwa Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, na maana ya jina lake ni "jicho jeusi".

Kermit wa kwanza alitengenezwa na Jim Henson mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake na nusu mbili za mpira wa tenisi ya meza. Vifaa vyake na vyako mkuu ni vilevile! Wakati ule hata hakuwa chura bado, uchura ulikuja baadaye. Tofauti iko kwenye mahali mboni zilipo. Fundi aliyewashonea wahusika wale wengi, Don Sahlin, alikuwa na kanuni ya pembetatu: macho mawili na pua vikae karibu karibu, na mboni zivutwe kidogo kuelekea ndani, upande wa pua. Macho ya binadamu hufanya hivyo yanapotazama kitu cha karibu. Mboni ikiwa katikati kabisa, macho mawili yanatazama mistari miwili isiyokutana, na ubongo wa mtazamaji unasoma "hakuna mtu humu".

Kwa jicho la milimita 40 (ndio ukubwa wa mpira wa sasa) kata mboni ya milimita 12 hadi 14 kwa kitambaa cheusi kisichong'aa. Usibandike kwa gundi mara ya kwanza. Weka kwa kipande cha selotepu kilichokunjwa, simamisha kikaragosi mita 2 mbele ya simu, kichwa kimeinama kidogo kuelekea lenzi, kisha sogeza kila mboni milimita 2 kuelekea pua. Piga picha. Milimita nyingine 1. Piga picha. Kuna nukta moja ambapo kitambaa kinageuka mtu, na utaijua kwa sababu utashtuka. Ukiipita kwa milimita 3 anakuwa makengeza. Hapo weka alama, bandika.

Pia mpira wenyewe unang'aa. Taa ikiupiga unatoa nukta nyeupe inayohamahama, na mtazamaji anaifuata hiyo badala ya mboni. Usugue kwa msasa laini mpaka ufifie.

Mla biskuti anavunja kanuni hii, mboni zake zimeachwa zizunguke ovyo na kila jicho linatazama kwake. Kwake inafaa, maana akili yake yote iko kwenye biskuti. Binti wa miaka 6 anayefundisha wenzake kuhesabu anahitaji kutazama.

Kutazama nako ni kazi ya kifundo cha mkono. Mkono ulionyooka juu bila kukunja kifundo humfanya kikaragosi atazame dari. Karibu wanaoanza wote hukosea hapa. Kunja kifundo mbele mpaka pua ielekee chini kidogo ya lenzi, utaona macho yanapanda juu kidogo na kumkuta mtazamaji. Akimsikiliza babu, ageuke kwanza macho na pua, mwili ufuate baadaye kwa nusu sekunde. Na asikae kama jiwe. Mtu anayesikiliza anapumua.

MamaCherehani

Blanketi ni zito mno kwa uso, manyoya yake yanajikunja vipele. Tafuta majaketi ya baridi ya mtumba, yale laini ya manyoya mafupi ambayo watu wananunua wakipanda Lushoto. Jaketi moja kubwa linatoa kichwa na mikono, la pili rangi ileile linatoa mwili. Livute pande zote mbili kabla ya kukata: upande unaovutika zaidi uzunguke kichwa, usiende juu na chini. Ukikosea, uso unarefuka kila ukichezesha na baada ya wiki mashavu yamelala.

Mshono wa usoni shona kwa mkono, uzi imara, mshono wa siri: sindano iingie upande huu milimita 3 ndani ya ukingo, ikatokee milimita 3 mbele, ivuke upande wa pili papo hapo. Ukishona sentimita 5, vuta uzi, kingo zinaingia ndani zenyewe. Kisha sugua kwa kucha au kwa mswaki mkavu, manyoya yanafunika njia. Ndiyo maana kwenye TV huoni mshono kwenye uso wa Ernie wala wa Kermit. Ukipitisha cherehani usoni, mstari utaonekana hata kwa simu ya bei ya chini.

Shati la ndani (mfuko wa mkono) lisipungue sentimita 50, livuke kiwiko. Pamba nyepesi, siyo nailoni, kwa joto letu.

SautiYaMdoli

Hili la maneno kupishana na mdomo naomba nilikalie, maana maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa Kiingereza na ukiyafuata neno kwa neno Kiswahili kinakukatalia.

Kosa la kwanza halina lugha: kuuma maneno. Anayeanza hufunga mdomo kwenye silabi, kama anayetafuna. Inatakiwa kinyume. Mdomo ufunguke sauti inapotoka, ufunge inapokwisha. Mazoezi ni kuhesabu moja hadi kumi polepole mbele ya kioo, ukiusukuma mkono mbele kidogo kila unapofungua, kama unayarushia maneno nje. Na anayeshuka ni kidole gumba. Vidole vinne vya juu vibaki palepale. Vikipanda, fuvu linaruka kama mfuniko wa birika linalochemka, na macho yanarushwa juu kila silabi. Ile kazi yote ya milimita aliyoeleza MchezeshajiBgm inapotea hapo.

Sasa Kiswahili chetu. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, hivyo mahali pa kufungua panajulikana wazi kuliko kwenye Kiingereza. Lakini silabi ni nyingi. "Mtoto anakunywa maziwa" ni silabi 10: m-to-to-a-na-ku-nywa-ma-zi-wa. Ukifungua mara 10 kwa mwendo wa kawaida, kikaragosi anaonekana anatetemeka. Ile "m" ya mwanzo ni silabi kamili lakini midomo imefumba, kwa hiyo usifungue. Fungua kwenye to-to. "A-na" iwe ufunguo mmoja mdogo unaobebwa. Ku, nywa. "Ma" nusu, "zi" kamili, "wa" unafunga polepole. Mtazamaji ataapa kwamba ameona silabi zote.

Kamili inakwenda kwenye mkazo, na mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ki-ka-ra-GO-si. Kwenye GO kidole gumba kinashuka chote, kwingine robo au nusu. Jaribuni neno barabara. Ukisema njia ni ba-ra-BA-ra, ukisema sawasawa ni ba-RA-ba-ra. Kikaragosi akifungua BA kubwa wakati sauti inasema "amefanya barabara", watoto watahisi kuna kitu kimekwenda upande hata kama hawawezi kukitaja. Fanyeni neno hilo moja dakika 10 kwa siku kwa wiki nzima, mkono utajifunza wenyewe.

Ukubwa wa mdomo ufuate irabu pia: a wazi kabisa, e na o nusu, i na u kidogo. Mkivuta maneno kwa lafudhi ya Tanga mnajirahisishia, maana irabu ndefu ni nafasi. Kaeni wazi mpaka irabu iishe, msifunge katikati yake.

Hapo pia ndipo penye shida ya vipande vilivyochezwa kwa Kiingereza kisha vikawekewa sauti ya Kiswahili. "Milk" ni silabi moja, maziwa tatu. "Bread" moja, mkate tatu. Mdomo wa mdoli ulishafunguka mara moja na kufunga, sauti bado iko njiani. Mfasiri mzuri hutafuta neno fupi au hupanga sentensi upya ili mikazo ikutane, lakini kuna mahali hakuna namna. Nyinyi mna bahati ya kuanza kwa Kiswahili. Chezesheni na kusema kwa pamoja, mtu yuleyule. Ikibidi watu wawili, rekodini sauti kwanza, chezesheni kwa kuifuata. Kuchezesha kwanza na kutia sauti baadaye ni kujitesa.

MwanaRaskazone

Nawashukuru sana. Macho nimeyajaribu sasa hivi kwa selotepu, na milimita 2 tu kuelekea pua zimebadilisha kila kitu. Swali la haraka kwa SautiYaMdoli: mchezeshaji anajitazama kwenye simu kwa kamera ya mbele ili aone anachofanya. Mbona akirudia kutazama video, binti anatazama upande usio wake?

SautiYaMdoli

Kwa sababu kamera ya mbele inakuonyesha kama kioo, na simu nyingi zikihifadhi zinageuza. Mkono unajifunza kushoto ambayo ni kulia. Wachezeshaji wa TV wanajitazama kwenye skrini ndogo sakafuni, na picha ile haijageuzwa kama kioo. Mwanzoni inachanganya sana, kama kunyoa kwa kuangalia picha badala ya kioo, lakini ndiyo atakayoona mtazamaji. Tumieni kamera ya nyuma na muunganishe simu na TV au kompyuta iliyowekwa chini, usawa wa magoti ya mchezeshaji. Wiki mbili za mwanzo atakwenda upande usio wake. Msimharakishe.

Mkonge21

Vijiti na nywele ni vyangu, na kwa vyote viwili mkuu umekaa kwenye mji sahihi.

Vijiti: Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo spoku. Unene ni milimita 2, za gurudumu kubwa zina urefu wa karibu sentimita 30. Kikaragosi chenye mkono wa sentimita 20 kinataka kijiti cha sentimita 40 hadi 45, basi chomeka spoku sentimita 4 ndani ya kipande cha mwanzi mwembamba cha sentimita 15, funga kwa uzi na gundi, hapo una mpini usioteleza. Ncha ya juu ikunje pembe mraba, sentimita 2, ishonee ndani ya kiganja karibu na kifundo. Usiishonee kwenye vidole, mkono utajipinda kama wa kuomba. Spoku inang'aa kuliko hata mpira wa macho, ipake rangi nyeusi isiyong'aa au rangi ya ukuta wa nyuma. Halafu chumvi ya bahari: kila baada ya kurekodi ifute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, la sivyo kutu itachora mstari wa kahawia kwenye mkono wa binti na hautoki.

Viwili au kimoja? Kimoja kinatosha kwa binti. Mkono wa pili ushikize tumboni kwa uzi, au ushike mkoba. Wakongwe hushika vijiti vyote viwili kwa mkono mmoja, vimepishana kama vijiti vya kulia wali vya Wachina, na hapo ndipo Kermit anapopata kupiga makofi. Hiyo ni ya mwezi wa tatu wa mazoezi.

Nywele: uzi wa kufumia unalala, ndiyo maana unaonekana kofia. Chukueni katani. Mkoa mzima umesimama juu ya mkonge tangu miche ya Hindorf, yule Mjerumani aliyeleta mkonge mwaka 1893, na bado watu wananunua manyoya ya kigeni. Chaneni nyuzi kwa kitana cha meno mapana, loweka usiku kucha, chemsha na rangi ya mikeka dakika 30, suuza mpaka maji yawe safi, anika kivulini. Msisuuze nusu nusu, jasho la mkono litashusha rangi usoni. Gramu 60 hadi 80 zinatosha kichwa cha binti mwenye mafundo mawili. Shoneni nyuzi kwenye ukanda wa kitambaa kwanza, ukanda ndio ushonewe kichwani, mzunguko kwa mzunguko kutoka kisogoni kwenda utosini. Ubaya wake ni ukali. Nyuzi zilizolegea husugua ngozi ya uso na kuitoa vipele, kwa hiyo kila fungu lifungwe uzi sentimita 1 kutoka kwenye shina.

Mikono na miguu ijazeni sufi. Ni nyepesi kuliko matambara na haishiki maji haraka. Ila inawaka kama petroli, taa za moto zikae mbali.

MchezeshajiBgm

Napingana kidogo na Mkonge21. Kwa binti kijiti kimoja sawa, lakini babu asiwe na vijiti kabisa. Mpeni mikono ya mtu. Mla biskuti yuko hivyo, na Ernie: mchezeshaji mkuu anaingiza mkono wa kulia kichwani na wa kushoto kwenye glavu ya mkono wa kushoto wa kikaragosi, na mtu wa pili anasimama bega kwa bega naye akitoa mkono wa kulia. Bert, rafiki yake Ernie, ni wa vijiti. Tazameni wanavyotofautiana. Ernie anashika, anakuna kichwa, anabana kile kibata cha kuogea. Bert ana ishara kavu kavu, na ukavu ule ndio tabia yake. Babu wa Tanga anayevua miwani, anayemenya chungwa, anahitaji vidole.

Sharti ni mtu wa pili asiwe na mawazo yake. Atazame skrini ileile, afuate kichwa. Na urefu wao usipishane zaidi ya sentimita 5, au mfupi asimame juu ya tofali, vinginevyo bega moja la babu limevunjika.

Na kwa kuwa wako wawili, wapingane kwa umbo tangu mwanzo. Bert ana kichwa kirefu na mistari ya sweta inasimama, Ernie kichwa kipana na mistari inalala. Mtoto akiwa mbali na TV, hata bila sauti, anajua yupi ni yupi. Binti akiwa wa mviringo, babu awe wa kusimama.

Mikunjo ya babu: msikimbilie mpira wa kumimina. Unapendeza, XYZ Show, kile kipindi cha vikaragosi cha Kenya cha kuwakejeli wanasiasa, cha mchora katuni Gado mzaliwa wa Tanzania, ilianza mwaka 2009 kwa sura za mpira na ilitufaa kweli, lakini zile zinataka kalibu, tanuri na fundi wa kukarabati. Mpira hauvumilii joto, jua wala mafuta. Hata Yoda, yule mzee wa kijani wa filamu za Star Wars, wa mwaka 1980, kazi ya Stuart Freeborn, aliyechezeshwa na Frank Oz kwenye jukwaa lililoinuliwa ili watu wakae chini ya sakafu, ngozi zake za awali zimekauka na kumomonyoka. Chukueni soksi ndefu ya nailoni, rangi ya ngozi, ivisheni juu ya kichwa cha sponji kilichoongezwa matonge ya sufi kwenye mashavu, nyusi na kidevu, kisha kwa sindano ndefu vuta uzi kutoka ndani: mkunjo mmoja kutoka pua hadi pembe ya mdomo kila upande, miwili pembeni ya jicho, mitatu ya paji. Basi. Ukizidisha anakuwa mgonjwa. Anzeni na mashavu, maana ukishavuta paji la uso nailoni ya chini imekwisha kubanwa.

FundiSponji

Naongeza la mkono kuchoka. Kiwiko kikae karibu na sikio, siyo mbele ya uso, uzito ushuke kwenye bega. Pazia la mbele liwe juu ya utosi wa mchezeshaji kwa sentimita 5 tu. Likizidi anajinyoosha. Rekodini vipande vya sekunde 40 hadi 60, mkono ushuke kabisa katikati. Kwenye joto la kaskazi avae soksi nyembamba ya pamba mkononi, na ziwepo 3 za kubadilisha.

MwanaRaskazone

La mwisho wakuu. Vikaragosi vikae wapi kati ya kipindi na kipindi? Stoo ya shule ina madirisha ya upande wa bahari.

MamaCherehani

Stoo hiyo hapana. Jua linaigeuza sponji njano, kisha inakuwa unga ndani ya ngozi na huwezi kuitoa bila kufumua mshono wa uso. Mfuko wa nailoni nao hapana, jasho la ndani linaota ukungu kwa siku 3. Geuza shati la ndani nje likauke kwa feni usiku mmoja. Jaza karatasi za gazeti kichwani ili fuvu lisibonyee, mdomo uuache wazi kwa kopo lile la nyanya. Mvishe foronya ya pamba, mlaze chali kwenye kabati la ndani lenye rafu ya juu, mbali na ukuta. Vijiti vitolewe au vielekezwe chini, visilalie uso. Kila Ijumaa mfungulie, mnuse. Akinuka uvundo, sifongo, maji ya vuguvugu na sabuni ya maji tone moja, uso tu, halafu kivulini.